Manyoya ya Kanga ya Januarius

Mume wangu, Januarius Sayi, hakuwa mganga. Wanaosema kopo lake lilijaa dawa hawajawahi kulifungua. Mimi nimelifungua: mlikuwa na ndoano, manyoya ya kanga, nywele za mkia wa mbuzi na uzi mwekundu wa kushonea. Alifunga manyoya hayo juu ya ndoano ili samaki adhani ni mdudu aliyeangukia majini. Alifundishwa na mhandisi Mzungu aliyekuja kuchimba malambo ya kunyweshea ng'ombe upande wa Lalago, miaka ambayo Januarius alikuwa akipanga madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika.

Maneno yalianza mwaka 1995, biashara ilipofanywa huria na maduka ya mji wetu wa Bariadi yakajaa vitu. Shemeji yangu Kasmiri, mdogo wake Januarius, alirudi kutoka Mwanza na ndoano nyembamba za ng'ambo, zimefungwa nyuzi za plastiki zinazometameta. Alitaka kuziuza, na alitaka kaka yake azisifie mbele ya watu.

"Kaka, manyoya yamepitwa," alimwambia. "Siku hizi hata kambare wako kwenye soko huria."

Januarius alikuwa mtu wa kupima. Jumamosi nne walivua lamboni kwa mshipi uleule, nusu saa manyoya, nusu saa plastiki, wakibadilishana mahali. Maji yalipokuwa ya tope baada ya mvua, plastiki ilipata zaidi kidogo. Maji yalipotulia, manyoya yalishinda. Akatoa uamuzi wake mbele ya wavuvi, kama alivyozoea kutoa daraja la pamba: ndoano mpya ni bora, zinachoma haraka na hazipindi, nyuzi zinafaa kwenye tope tu, tena si kwa bei ile.

Kasmiri akanuna. Kwenye pombe akaanza kuuliza kwa nini manyoya ya kanga yashinde vitu vya kiwandani, kama hayakuwekwa kitu.

Mwaka uliofuata Januarius alifariki kwa shinikizo la damu, na swali la Kasmiri likawa jibu la mji mzima. Likafika hadi Malampaka, kwa watu waliokuwa wamemposa binti yangu Veronica. Wakamtuma mshenga wao, mzee Thomasi, aje aniambie kwa adabu nyingi kwamba wanasita kuoa kwenye nyumba yenye mambo.

Sikubishana. Nilimwekea kopo mezani, nikafunga ndoano moja mbele ya macho yake, polepole, kama ninavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza kushika kalamu. Kisha nikampeleka lamboni. Nilirusha mshipi saa nzima. Nilinasa nyasi, halafu nikanasa kofia yake. Hakuna samaki hata mmoja aliyegusa.

Mzee Thomasi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama mwalimu," alisema, "kama hii ni dawa, basi imeharibika. Nakwenda kuwaambia wenzangu walete ng'ombe."

Wameleta, na ndoa imefungwa kanisani. Sasa nasikia watu hao hao wanasema dawa ya marehemu ilimtii mwenyewe tu, ndiyo maana mimi nilikosa. Ningepata samaki, ningeitwa mchawi; nimekosa, naitwa mjane wa mganga. Nimeeleza, tena kwa maandishi. Atakayekuja kuniuliza habari za kopo hilo nitamkaribisha chai, lakini jibu hatapata.