Kenchi za Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini Lushoto, Mhandisi wa Wilaya hakunipa hata kiti. Alinipeleka Magamba kunionyesha paa la nyumba lililotua kwenye shamba la kabichi, bati na mbao zake zingali zimeshikana.

"Nani wa kulaumiwa?" aliniuliza.

"Upepo, mzee."

"Upepo unalinyanyua paa lisilofungwa. Hizi kenchi zilipigwa misumari tu. Na mtaalamu akiliona hilo akanyamaza, kosa ni lake."

Kenchi ni mbao za pembetatu zinazobeba bati. Lenta ni mkanda wa zege juu ya kuta. Tulikuwa tunazamisha waya mnene kwenye zege bichi la lenta, likikauka tunaufunga kwenye kenchi. Nilifanya kazi hiyo Mombo, kisha nikarudishwa Lushoto kuwa mkaguzi. Nilikuwa mkali kweli. Mafundi waliniita Bwana Waya, nami nikavimba kichwa.

Ndipo baba mkwe akajenga. Hakuwa mtu wa kumwomba mkwewe ushauri; aliniita siku ya kuhamia, dua imeshasomwa na mbuzi ameshachinjwa. Nilimwamkia shikamoo, nikaingia, nikatazama juu. Misumari mitupu! Dawa yake ilikuwa kuezua na kuanza upya.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye kazi yako," alisema mbele ya wageni. "Unaionaje nyumba?"

Ningemwaibishaje mzee mbele ya pilau lake?

"Nzuri, baba."

Nikala. Nilijiambia nitarudi nimweleze faraghani, lakini kila nilipokwenda, mdomo ulikuwa mzito. Masika yakaja na upepo wake. Paa likang'oka mchana, ukuta ukamwangukia mama mkwe. Tulimtoa amekwisha kufa.

Baada ya maziko baba mkwe alinishika mkono.

"Mwanangu, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, baba."

"Basi ni kudra ya Mungu."

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini huniletea ramani zao, nami huwahimiza waya, waya, waya. Hawajui ninavyoumia nikilitamka neno hilo. Baba mkwe ni kikongwe, anaishi kwangu, na mke wangu hunishukuru kwa kumtunza baba yake. Upepo ukianza kushuka kutoka msituni, mzee huniita chumbani kwake.

"Mwanangu, paa hili umelifunga?"

"Nimelifunga, baba."

Huniamini palepale, akajifunika blanketi.