Neno Alilonitamkia Mume Wangu Tukirudi Kutoka Salala

Naomba jina langu msilitoe, maana mji wetu wa Ibra ni mdogo na sisi wenye asili ya Unguja tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili. Nimezaliwa hukuhuku Omani, lakini kwetu Sur tulilelewa kwa Kiswahili. Mume wangu naye asili yake ni Unguja, ila kwao Kiswahili kiliwapotea zamani. Anakijua cha kuombea chai tu. Mimi na yeye tunasema Kiarabu.

Hanipigi, hanitukani, hana mwanamke mwingine ninayemjua. Tumechokana tu. Kutwa mazungumzo yetu ni gesi imekwisha, mtoto ana homa, nani atakwenda dukani. Dada yake ndiye aliyetushauri twende Salala kwa gari, sisi wawili peke yetu, watoto wabaki kwa mama yangu, huenda mapenzi yakarudi. Tukaenda. Mapenzi hayakurudi, na njia ya kurudi ni jangwa mwanzo mpaka mwisho. Yeye alikuwa kwenye simu na watu wa kazini kwake, mimi natazama dirishani.

Tulipopita Sinau, tumekaribia kufika, tukaingia kwenye majabali mekundu. Akasimamisha gari kando ya njia, akataka tushuke tupige picha ya mwisho ya kumpelekea dada yake. Nikamwambia sitaki, nimechoka. Akashikilia. Nikamwambia tena sitaki, picha ya nini? Hapo akakasirika, na ajabu yake akasema kwa Kiswahili: "Haya, khalas. Nimekuacha." Akafunga mlango, akapanda peke yake kwenye mawe na simu yake.

Waswahili wenzangu mnajua mume akimtamkia mkewe neno hilo maana yake nini. Bibi yangu aliachwa kwa neno hilohilo, mlangoni, babu keshavaa viatu. Nilibaki kwenye kiti nikingoja nilie. Sikulia. Nikaanza kufikiri eda nitakaa wapi, nikaona chumba cha nyuma kwa mama kinafaa, kiyoyozi chake kizima. Aliporudi garini nikajifunika shela vizuri, nikageukia dirishani, nikalala mpaka Ibra. Usingizi ule sijaupata miaka mingi.

Nyumbani nikatandika chumba cha wageni. Akaja mlangoni. "Mo fiish?" akaniuliza, una nini wewe? Nikamwambia, "Umeniacha." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaanza kuapa kwa Kiswahili chake kibovu: "Wallahi mimi nimesema nimekuacha kwa gari. Nimekuacha upumzike. Neno ile mimi sijui kama ni talaka." Nilimtazama kama ninavyomtazama jirani aliyepata msiba, namwonea huruma na nataka kwenda zangu.

Asubuhi akampigia sheikh wa msikiti wetu, Mwarabu asiyejua Kiswahili hata kidogo, na simu akaiweka kwa sauti ili nisikie. Sheikh akamuuliza alisema nini hasa. Mume wangu akatafsiri: "Nilimwambia taraktish." Kwa Kiarabu hilo ni kumwacha mtu mahali, linaweza kuwa talaka na linaweza lisiwe, mpaka mtu akusudie. Sheikh akamuuliza kama alikusudia talaka. Akasema hapana, wallahi. Basi sheikh akasema hapana talaka hapo, akae na mkewe na auchunge ulimi wake.

Lakini sheikh hakuambiwa kwamba kwetu hilo ndilo neno lenyewe la talaka. Nikampigia mama nikamhadithia. Akasema, "Kwetu ndilo hilo, mwanangu, hatuna jingine. Lakini sheikh keshatoa jawabu. Usilichokonoe. Una watoto." Nikamuuliza, "Na kama nimeachika kweli, mama, nitakaa naye vipi nyumba moja?" Akasema anamsikia mtoto anamwita, akakata simu.

Tangu siku hiyo mume wangu kawa mtu mwingine. Akitoka kazini ananiletea karaki, ile chai ya maziwa ya mkahawani, na simu anaizima tukikaa kula. Mimi bado nalala chumba cha wageni, nasema mgongo unaniuma. Naweza kwenda kwa sheikh nikamweleza uzito wa neno lile kwetu. Huenda akasema bado hapana talaka, kwa kuwa hakukusudia. Huenda akasema nimeachika. Kinachonitisha ni kwamba naomba aseme nimeachika, na sijui kama hiyo ni hofu ya Mungu au ni kutaka kutoka tu. Sina chuki naye. Sina chochote naye, na hilo ndilo gumu kumwambia mtu.

Jana jioni aliniuliza kwa Kiarabu, polepole, "Wewe ulitaka iwe kweli?" Nikamwambia chai yake itapoa. Akainywa yote, hakuuliza tena.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Niende kwa sheikh nikamfasirie lile neno, au kwanza nimjibu mume wangu?