Kulwa wa Nani?

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitenge kilichonyunyiziwa maji: nikiisikia popote pale, hata niwe ugenini hotelini, nakuwa tena mtoto wa darasa la saba, niko Ng'ambo, Tabora, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani ya Shangazi Zainabu, na kompyuta iko mapajani. Wenzangu harufu huwarudisha jikoni kwa mama zao. Mimi hunirudisha darasani kwangu, maana pale, katikati ya vipande vya vitambaa na nyuzi zilizotapakaa sakafuni, ndipo nilipojifunza kuiamrisha kompyuta, bila mwalimu wa kunishika mkono na bila kulipa ada. Nasema hivi kifua mbele. Kama kuna kitu nimekipata kwa jasho langu mwenyewe, basi ni hicho.

Ulikuwa msimu ule wa kusubiri matokeo baada ya mtihani wa darasa la saba, wakati mtoto hana shule na wakubwa wanamtafutia kazi ya kufanya kabla hajajitafutia balaa. Wazazi wetu walikuwa wakilima tumbaku Urambo, na sisi watoto tulikaa mjini kwa Shangazi, dada yake baba, ili tusome. Tulikuwa watatu. Kulwa na Doto walikuwa pacha, na mimi ndiye niliyewafuata, kwa hiyo kwa desturi yetu Wanyamwezi hapakuwa na mjadala, nikaitwa Shija. Dada Kulwa alikuwa akishona na Shangazi. Kaka Doto alikuwa chuoni Dar es Salaam, na alipokuja likizo aliniachia kompyuta yake ya zamani, yenye ufa kwenye kona ya kioo na betri iliyokufa zamani, hivi kwamba umeme ukikatika nayo inakata roho papo hapo. Kwetu umeme ulikuwa haukawii kukatika. Ndiyo maana pasi ilikuwa ya mkaa.

Ndani ya kompyuta ile Doto alikuwa ameweka masomo ya bure aliyoyapakua kwenye intaneti. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, kakaa mbele ya ukuta mweupe, alikuwa akifundisha lugha ya kompyuta iliyopewa jina la chatu. Shangazi aliposikia hivyo aliacha kukanyaga cherehani. “Chatu? Ndani ya nyumba yangu? Wewe mtoto, hata kenge sijakuruhusu!” Kiingereza changu wakati ule kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu, kwa hiyo nusu ya maneno ya yule bwana yalinipita hivihivi. Nikawa namwangalia vidole. Anachoandika naandika, kikigoma narudisha video nyuma, naangalia tena, huku natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyotoka kwa bibi mpaka taya zinauma. Siku kompyuta iliponiuliza jina langu, nikaandika Shija, nayo ikanisalimia kwa jina, nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilijiona mtu, jamani. Nilijiona mtu haswa.

Shangazi hakuwa adui wa kompyuta, ila alikuwa na mipango yake. Alitaka msimu ule nikae kwenye cherehani, kwa sababu cherehani imelisha watu pale nyumbani na chatu bado hajalisha mtu. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi: akishampima mteja kwa tepu, vipimo anaviandika kwa chaki kwenye kipande kilichokatwa kutoka kitambaa cha mteja huyohuyo, kisha anakibana na pini juu ya mzigo. Utaratibu ule ulikwenda vizuri miaka na miaka, mpaka mvua za kwanza za mwaka ule zilipopiga. Bati lilivuja palepale juu ya meza ya mizigo, na asubuhi tulikuta chaki yote imeyeyuka. Na huo ulikuwa msimu wa harusi! Shangazi alikaa chini, akashika kichwa. Watu wote wale ilibidi waitwe warudi kupimwa upya, na mimi nikaona hapa ndipo pangu. Nikamwambia, “Shangazi, niachie mimi. Kompyuta haivujiwi.”

Akatoa hukumu yake ambayo mpaka leo naweza kuirudia neno kwa neno. “Haya, andika. Lakini ukiniharibia nguo moja, moja tu, hilo likompyuta linapanda basi linarudi kwa Doto, na wewe unakaa kwenye cherehani mpaka matokeo yatoke. Umenisikia?” Nilimsikia. Nikaandika programu ya kuuliza jina la mteja, bega, kifua, kiuno na urefu, na ukitaja jina inakuletea vipimo vyake. Ilikuwa programu nzuri. Wateja walikuja na kurudi, Mwanaidi, Tausi, Mama Ramla, na Shangazi akawa anaagiza vipimo kwa sauti huku mkasi uko mkononi, nami nasoma kwenye kioo kama mtangazaji wa redio. Wanawake wa mtaani walianza kuchungulia mlangoni. Nilivimba kichwa, sikatai, na nilikuwa na haki ya kuvimba.

Sasa basi. Alhamisi moja alikuja dada mmoja wa Mtendeni, muuza asali, mwembamba, mrefu, aliyekuwa anamwoza kaka yake Jumamosi ile. Akaingia nyuma ya pazia kujaribu gauni lake. Alipotoka, kila mtu dukani aligeuka kumtazama. Gauni lilikuwa limemmeza. Mabega yalining'inia karibu na viwiko, na kiunoni pangeingia mtu mwingine na nafasi ikabaki. “Da Zainabu,” alisema, “ndiyo nini hii? Harusi keshokutwa!” Shangazi aliweka mkasi chini. Alinigeukia mimi. “Shija, funga hiyo kompyuta. Jumatatu inapanda basi.” Machozi yalinitoka palepale, tena ya hasira, kwa sababu nilikuwa na hakika nimefuata kila kitu alichofundisha yule bwana wa ndevu. Nikaomba niangalie mara moja tu kabla sijaifunga. Nikatafuta jina la yule dada, na vipimo vikatokea: vipana, vya mtu mwingine kabisa. Vyake yeye, nilivyoviandika kwa mkono wangu, havikuwepo.

Wakati nakodoa macho, akaingia mama mmoja wa Ntalikwa, mkulima, mwili umejaa, kashika mwavuli unaochuruzika maji. “Mwangaluka,” akatusalimu kwa Kinyamwezi, akaketi benchini kungoja nguo yake, ambayo yenyewe ilikuwa haina kasoro. Shangazi akachukua tepu ili ampime upya yule dada wa Mtendeni. Akaita, “Kulwa, hebu njoo!”

“Abee!” akaitika dada wa Mtendeni. “Abee!” akaitika mama wa Ntalikwa, huku anainuka benchini. Na kutoka uani, alikokuwa anapuliza mkaa wa pasi, dada yangu mwenyewe naye akaitika, “Abee, Shangazi!”

Watu walicheka mpaka bibi harusi mmoja aliyekuwa anajaribu shela akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na kompyuta mkononi. Ndiyo hiyo! Nilikuwa nimeiambia kompyuta imjue mtu kwa jina moja. Alipokuja Kulwa wa Mtendeni iliweka vipimo vyake, na siku ya pili alipokuja Kulwa wa Ntalikwa ikadhani ni yuleyule, ikafuta vya kwanza na kuweka vya pili, bila kuuliza. Bwana wa ndevu, kwenye mifano yake yote, alikuwa na mtu mmoja kwa kila jina, na huenda kwao inatosha. Lakini Tabora! Mji ambao kila familia yenye pacha ina Kulwa na Doto, na wenye Kulwa na Doto wana Shija, na mimi mwenyewe Shija nalala chumba kimoja na Kulwa! Mji uliokua kwenye njia ya misafara, watu wametoka pwani na wengine wametoka ziwani, mpaka leo hatumwachi mtu apite na jina tupu. Tunamuuliza, wa nani? Kwenu wapi? Kompyuta yangu peke yake ndiyo ilikuwa haiulizi.

Siku ile umeme ulinihurumia. Nikaongeza maswali mawili, wa nani na wa wapi, nikahakikisha haimfuti mtu mpaka yote yamefanana. Kisha nikakaa na wembe kumsaidia Shangazi kufumua lile gauni, mshono kwa mshono, na kwa kuwa lilikuwa kubwa na si dogo, kitambaa kiliokoka. Kulwa wa Mtendeni aliondoka Ijumaa jioni nalo limemkaa mwilini vizuri, anajigeuza mbele ya kioo hataki kutoka. Alipoondoka, Shangazi alivuta kiti karibu yangu. “Haya, niitie Kulwa hapo.” Nikaandika Kulwa. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea maneno: Wa nani? Akayasoma taratibu, miwani iko kwenye ncha ya pua. “Eeh,” akasema, “mwanzo ilikuwa haina adabu. Mtu anakuja kwako, unachukua jina lake tu, hata humuulizi kwao?” Akainuka kwenda kutia mkaa kwenye pasi, na akiwa ameshanipa mgongo akaongeza, “Nasikia basi la Jumatatu limejaa.”

Leo kazi yangu ni hiyohiyo. Naandika programu za maduka, za zahanati na za vyama vya wafugaji nyuki, na nimepanga chumba cha ofisi Mtendeni penye umeme usioyumba sana. Watoto wa sasa wana masomo ya bure kwenye simu, mengine kwa Kiswahili, na machache kati ya hayo nimeyarekodi mimi. Wanajifunza kwa wiki kile nilichokisotea msimu mzima, na siwaonei wivu hata kidogo, wachape mwendo. Ila kwenye masomo yangu hakuna mfano wenye mtu mmoja kwa kila jina. Naanza na Kulwa, tena wengi. Na kila ninapomaliza kazi, kabla sijaikabidhi kwa mwenyewe, nampigia simu Shangazi, ambaye macho yamepungua nguvu lakini mdomo haujambo. Haniulizi nimetumia lugha gani. Swali lake ni lilelile.

“Umewaita Kulwa?”

“Nimewaita, Shangazi.”

“Wameitika wote?”

“Wote.”

“Haya, wape watu kazi yao.”