Upanga wa Marcelina na Ndoo ya Maji

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka maneno laini akasome tangazo la sabuni. Nataka niwaeleze habari za mpwa wangu Marcelina, fundi wa taa za dagaa hapa Kasingirima, ambaye jina lake lilikaribia kuzikwa mwenyewe akiwa angali anapumua.

Kwanza mumjue. Ni mtoto wa dada yangu, kazaliwa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Alimaliza darasa la saba. Mimi niliishia la tano, lakini la tano la zamani, ambalo ukilipima vizuri linazidi vyeti vingi vya siku hizi. Alipoolewa alishuka Ujiji kwa Meshack, fundi wa karabai. Mliozaliwa juzi hamjui karabai: taa ya mafuta ya kupampu, inanguruma kama paka aliyeshiba, ndiyo iliyokuwa inawaita dagaa hadi chini ya wavu. Zilipokuja taa za betri, Meshack alicheka. Alisema ni mchezo wa watoto, hautafika Krismasi. Krismasi zikapita nyingi. Akabaki na karabai zake mpaka hakuna aliyemletea hata moja, akahamia Kagunga kutafuta wavuvi wenye mapenzi ya kizamani, na huko homa ikamchukua.

Marcelina alibaki na binti mmoja, Edina, na koleo moja. Taa yake ya kwanza ya betri aliifungua kwa kisu cha jikoni. Solda aliiyeyusha kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa, maana chombo chenyewe hakuwa nacho. Vidole vikaungua, akavipaka asali, akarudi. Mwaka wa tatu wavuvi walikuwa wanapanga foleni kwenye kibanda chake kila mwezi unapokuwa mkubwa. Msiotoka ziwani nawafungulia: mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo na taa zote huja kwa fundi.

Siri yake ni kufunga. Taa ya ziwani haiuawi na umeme, inauawa na maji. Marcelina hukata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, anauvuta hadi ulie, anazungusha kuanzia chini kupanda juu, kila mzunguko ukilalia wa chini yake. Kama kuezeka nyumba ya nyasi. Maji yakishuka yanapita juu kwa juu, hayapati mlango. Nami nimeezeka nyumba kumi na nne katika ujana wangu, kwa hiyo msinifundishe.

Sasa hasira. Miezi saba kabla ya Idd iliyopita, Wilfred, mwenye boti, alikuja na taa mkononi akaitupa chini mbele ya kibanda. Taa ikabingirika mpaka kwenye mguu wa Marcelina.

"Imezimika katikati ya ziwa!" akafoka. "Dagaa wamejaa chini ya boti, nimewaona kwa macho yangu, taa ikafa, wakatawanyika! Taa ya mwanamke inajua jikoni tu!"

Marcelina akaiokota. Akaigeuza. "Kaka Wilfred, hii imefunguliwa. Ona mpira. Umezungushwa kutoka juu kuja chini. Mimi sifungi hivi."

"Unaniita mwizi?"

"Nimesema imefunguliwa. Sijasema nani."

"Naapa kwa wanangu, hakuna mtu wa boti yangu aliyeigusa. Tuliichukua hapa kwako jioni, tukaenda nayo majini. Uongo wako utakutokea puani!"

Mnajua mtu akiapa kwa wanawe mbele ya watu inakuwaje. Wavuvi wakaamini kiapo. Mwezi uliofuata foleni ikawa nusu. Uliofuata tena, hakuna foleni. Marcelina akaitundika ile taa kwenye msumari ukutani jinsi ilivyo, hakuifungua, akaanza kuuza maandazi asubuhi. Fundi mzima! Mikono inayojua waya mwembamba kuliko unywele, ikakanda ngano.

Mimi sikunyamaza. Kila nilipokutana na Wilfred nilimpa chake. Nilimwambia ni mvuvi wa kula dagaa wa kununua. Nilimwambia boti yake ikimuona inajificha. Nilimwambia hayo sokoni, kilabuni, na mara moja mbele ya wakwe zake waliotoka Kasulu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nina kipaji, sikatai.

Ikaja Idd. Sisi ni Wakristo, lakini Ujiji Idd ni ya kila mwenye watoto. Nikamnunulia Edina upanga wa plastiki unaowaka taa, rangi ya bluu, unalia wiii ukiupunga. Mtoto wa miaka kumi, baba hana, mjomba wa mama yake ndiye mimi, nifanyeje? Pigo la kwanza likawa zuri. La pili taa ikapepesa. La tatu upanga ukavunjika mahali penye gundi, ukabaki mpini mkononi na waya mbili zinaning'inia kama utumbo. Edina hakulia. Alinitazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Nikarudi kwa muuzaji mbio.

"Mzee wangu," akasema bila aibu, "ule ni wa kuonyesha. Si wa kupigania."

"Upanga wa kuonyesha! Na jembe lako ni la kuonyesha? Na meno yako?"

"Meno ni ya kulia, Mzee. Karibu tena."

Niliondoka. Nikaingia kibandani kwa Marcelina nikautupa ule uchafu mezani. Akaupasua kwa kisu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo ya Wilfred. Cheko la ukali. "Mjomba, hii waya ingechoka kuvuta hata nzi. Na betri hizi ni kama punje za dengu. Waliotengeneza hiki walijua kitavunjika. Walikipangia kabisa." Akamgeukia binti yake. "Edina, subiri mwezi uwe mkubwa. Wakati ule wengine wana kazi na mimi sina."

Wiki mbili baadaye alianza. Nawaambia alivyofanya ili aliye na mtoto asinyonywe tena. Alichukua kipande cha mwanzi mkavu, kirefu kama mkono wa mtu mzima, akakilazia mkanda wa taa ndogondogo, zile vijana wa bodaboda wanazopamba pikipiki. Mkanda aliuokota kwenye pikipiki iliyogongwa. Nusu yake ilikuwa bado inawaka. Akaufunga kwenye mwanzi kwa uzi wa nyavu, akautumbukiza wote ndani ya mpira wa maji mweupe unaopitisha mwanga. Hapo ukiupiga unapinda kidogo unarudi, hauvunjiki. Mpini ni bomba la maji la plastiki. Ndani yake betri tatu kuukuu za kompyuta, zilezile anazotia kwenye taa za dagaa, na swichi ya pikipiki. Ncha akaivisha kofia nene ya mpira, mtoto asitoboe jicho la mwenzake. Gharama yote haikufika sahani mbili za wali na migebuka.

Kazi ikabaki kufunga. "Mjomba, nisaidie ncha, mimi nafunga mpini," akasema. "Si umeezeka nyumba kumi na nne?"

"Kumi na tano," nikasema, nikavuta ukanda wa tyubu nikauzungusha kwa mbwembwe, hata wapita njia wakasimama kutazama.

Marcelina hutia kila kazi kwenye ndoo ya maji kabla ya kuitoa. Akauzamisha upanga. Upande wa mpini, kimya. Upande wa ncha, mapovu: bubu, bubu, bubu.

Akautoa. Akaanza kufungua mpira wangu polepole, mzunguko mmoja mmoja. Katikati akaacha. Akainuka, akaenda ukutani, akaitoa ile taa ya Wilfred kwenye msumari, akaja akaiweka karibu na upanga. Mpira wa huku umeanzia juu ukashuka. Mpira wa kule umeanzia juu ukashuka. Hata namna ya kuchomeka mwisho wa ukanda, kuusukuma kwa kucha upande wa kushoto, ilikuwa moja.

"Marume," akasema. Hivyo ndivyo tunavyoitwa wajomba kwa Kiha, naye huniita hivyo akiwa hana utani. "Siku ile nilipokwenda Kalinzi msibani, taa za Wilfred nilimwachia nani azilinde?"

Nilikasirika. Nilikasirika sana! Nikapiga meza, nikauliza kama sasa mtu akifanya wema anageuziwa kesi. Nikasema simu yangu ilikuwa imebaki asilimia mbili, na siku ile kulikuwa na mpira wa kimataifa, na nilichofanya ni kufungua kidogo tu, nikachomeka waya, nikasikiliza kipindi cha pili, nikafunga tena vizuri kabisa.

"Vizuri kabisa," akasema.

"Vizuri! Ningejuaje..."

"Miezi saba, Marume. Wilfred aliapa kwa wanawe, na alisema kweli. Wewe ukamtukana mbele ya wakwe zake. Nami nikauza maandazi."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kushika. Akaifunga ncha upya yeye mwenyewe, kutoka chini kupanda juu, akaizamisha kwenye ndoo. Kimya. Akabonyeza swichi na upanga ukawaka ndani ya maji, bluu, ndoo nzima ikawa kama kipande cha ziwa mchana.

"Kesho Edina atakwenda nao mwaloni, kwenye boti," akasema. "Nawe utakwenda naye. Utajua la kusema. Hujawahi kukosa maneno."

Njia nzima nilikuwa namlaani yule muuzaji wa Idd, mwenye redio aliyetangaza ule mpira, na kampuni zinazotengeneza simu zisizokaa na chaji. Tulipofika, Wilfred na wenzake walikuwa wameketi juu ya nyavu wanashona. Edina hakungoja. Alipiga ubavu wa boti mara nne kwa nguvu zake zote, upanga ukapinda ukarudi. Kisha akakimbia majini, akauzamisha hadi kwenye kwapa, akautoa. Unawaka. Akauzamisha tena.

"He!" mvuvi mmoja akasema. "Leta nione."

Ukapita mkono kwa mkono. Wakaukanyaga, wakaupiga kwenye jiwe, mmoja akautupa mbali majini na mtoto mwingine akaogelea kuufuata. Unawaka. Wilfred akaushika mwisho, akapitisha kidole gumba kwenye mpira wa ncha.

"Nani kaufunga?"

"Mama," akasema Edina.

Wilfred akaugeuza. Niliona anachohesabu kichwani. Mtu anayejua kuzuia maji hivi, mbona taa yangu...

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Kasingirima, ina methali mbili. Mdomo ukafunguka ukatoa hivi: "Mimi ndiye niliyeifungua taa yako. Nilichaji simu. Nikaifunga vibaya."

Nyavu zikasimama mikononi mwa watu.

"Wewe, Dismasi," Wilfred akasema taratibu, "uliniita mlaji wa dagaa wa kununua. Mbele ya baba mkwe."

"Nilikuita."

"Nawe ndiye uliyeifungua."

"Ndiye."

Nilingoja ngumi. Ningeipokea, wallahi, nami ningeirudisha, maana hasira nilikuwa nazo za kutosha watu watatu. Lakini Wilfred alinipita kama anapita gogo njiani. Akapanda boti, akateremsha taa nne, mbili kila mkono, akaanza kupanda kwenda Kasingirima kwa miguu. Wavuvi wengine wawili wakachukua za kwao wakamfuata. Mimi na Edina tukawa nyuma.

Kibandani hakuomba radhi. Wanaume wa mwaloni hawajui maneno hayo. Aliziweka mezani moja moja, polepole, asije akazigonga. "Ziangalie hizi, mama, kabla siku za giza hazijarudi."

"Keshokutwa," Marcelina akajibu, akiwa ameshaanza kukung'uta ngano mikononi. "Na mlio na watoto, panga ninazitengeneza. Leteni mwanzi mkavu wenyewe."

Kisha akaniita. Akanikabidhi ile taa ya msumarini na ukanda wa tyubu. "Hii ni yako, Mjomba. Utaifunga na kuifungua mpaka ndoo inyamaze. Siku hiyo ndiyo utagusa taa ya mtu."

Leo ni siku ya tisa. Nimekaa hapa nje ya kibanda chake, vidole vinaniuma, na Edina amesimama juu yangu na upanga wake begani kama askari wa zamu. Nimetoka kuizamisha sasa hivi.

Bubu, bubu, bubu.

Sijawahi kuchukia kitu duniani kama ninavyoichukia ndoo hii.