Moshi wa Wanaume, Buibui la Mastura

Mastura alikuwa mpishi katika hoteli ya Mwinyihaji, Kisauni, na tangu azaliwe hakuwahi kutia sigara mdomoni. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu Mishomoroni nzima, alikokaa na bintiye Tima, ilifika mahali ikaamini kinyume chake. Walioamini hawajaona haya mpaka leo.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba kisicho na dirisha la nje. Kilichokuwapo ni kidirisha kimoja tu cha kuelekea mezani kwa wateja. Kwa kidirisha hicho mahamri na mbaazi za nazi zilitoka, na kwa hicho hicho moshi wa sigara uliingia. Meza iliyokuwa chini yake ilikuwa ya mzee Badi Mohdhar, mstaafu wa bandarini, ambaye hakunywa chai bila kuwasha kwanza. Badi alikuwa mtu wa adabu zake. Hakupenda kuwapulizia wenzake moshi usoni, basi kila akivuta aligeuka, akaupuliza kidirishani.

Jioni Mastura alilitoa buibui lake msumarini na kwenda nalo nyumbani linanuka. Alilifua, akalianika, akalifukiza udi. Udi na sigara vilichanganyika vikazaa harufu mbaya zaidi, ya mtu anayeficha jambo. Na ndivyo alivyoonekana siku bibi Nana alipokuja.

Nana alikuwa mke wa huyo huyo Badi. Alikuja kumtazama Tima, maana kijana wao Mbwana alikuwa amemtaja, na wazee walikuwa karibu kuleta posa. Mastura aliingia kutoka kazini mgeni keshakaa, akamkumbatia kwa furaha yote aliyokuwa nayo. Nana akarudisha uso nyuma. Akauliza, kwa sauti ya chini, hii ni harufu gani. Mastura akajibu ni moshi wa hoteli. Nana akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekwisha kata shauri, akanywa kahawa yake, akaaga.

Haukupita muda ujumbe ukaja kwamba kijana bado hajawa tayari. Huku nje habari ilikuwa nyingine: mama yake Tima anavuta sigara kwa siri na kujifukizia udi watu wasijue. Tima aliacha kwenda kisimani saa za watu wengi. Mwanamke aliyesimama motoni miaka yote ili mtoto huyo asome na avae akawa ndiye aibu ya mtoto huyo. Ukifikiria, damu inachemka.

Mastura alimwendea Mwinyihaji, akamwambia apige marufuku sigara ndani ya hoteli, anayetaka kuvuta avutie barazani. Halikuwa wazo la ajabu. Redioni mwaka ule walikuwa wameeleza kwamba kuna nchi ambako hoteli zimefanya hivyo na watu wake bado wanakula. Mwinyihaji alilipeleka neno kwa wateja, nao wakalijadili kana kwamba ni la bunge. Mmoja alisema sigara si haramu, ni makuruhu tu, na makuruhu haifungiwi mtu mlango. Kioko, kuli wa makontena, alisema mtu akishalipa chai amelipia na hewa ya kuinywea. Mwingine akahofia kwamba kesho watakatazwa kucheka. Walibishana mpaka visahani vya majivu vikajaa. Hakuna aliyegeuza shingo kumwuliza anayeuvuta moshi huo bila kununua hata sigara moja.

Mwinyihaji alipenda kuonekana mtu wa haki. Asubuhi yake Mastura alipofika alikuta ubao umepigiliwa, maandishi mekundu: NI MARUFUKU KUVUTA SIGARA JIKONI. Jikoni. Alikokuwa akifanya kazi mtu mmoja tu, naye ni yeye. Na kwa kidirisha, kila mteja aliweza kuusoma vizuri.

Badi aliusoma kwa sauti, sigara mkononi. "Kumbe mpaka mwatiliwa ubao, mama Tima," akatania, na wawili watatu wakacheka.

Mastura alipangusa unga mikononi. Aliinama kidirishani akamwomba kwa upole amwambie mkewe ukweli, kwamba moshi ule ni wake yeye Badi, na kila siku anauona unakokwenda. Badi alitazama huku na huku, akashusha sauti. Alisema haiwezekani. Nana anajua mumewe ameacha sigara tangu aliporudi Makka.

"Na kanzu yako, haisikii harufu?"

"Yuwaisikia. Nalimwambia ni moshi wa hoteli."

"Akakuamini?"

"Kwani kuna la kutoamini?" Badi alishangaa kweli. "Hebu tazama humu moshi ulivyo."

Hapo Mastura alisimama wima, na sauti yake ikafika mpaka barazani. "Bwana Badi, neno hilo hilo ndilo nalimjibu mimi. Hilo hilo, halikuzidi wala halikupungua. Kwako limekuwa kweli, kwangu limekuwa uongo, na mwanangu ndiye aliyelipa."

Mastura alijua posa haitarudi tena baada ya maneno hayo. Hakujali, ilikuwa imekwisha kufa, na alichotaka ni watu wajue aliyeiua. Aling'oa ubao kwa mchi, akatoka nao mbele ya wanaume, akautundika ukutani juu ya kichwa cha Badi. Mwinyihaji akafoka kwamba ubao ule ni wa jikoni. Mastura alivaa buibui lake lenye harufu yao, akaondoka.

Ubao ulirudishwa jikoni kabla ya adhuhuri. Mastura hakurudi. Basi kwa siku kadhaa marufuku ya Mwinyihaji ikaheshimiwa barabara, kule jikoni, ambako hapakuwa na mtu.