Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Kupumzikia

Mama mkwe wangu hakuwa akilala kitandani. Miaka ya vita alikesha kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma, na vita vilipokwisha kiti kilibaki palepale. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha chuoni Kyambogo, aliona miguu ya mamake inavimba, akasema tumjengee chumba chake kwenye migomba nyuma ya nyumba, penye utulivu, apate kujilaza. Kazi ya kuchora niliichukua mimi.

Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Kuta nene zenye plasta ya udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, na juu yake chokaa nyembamba, isisuguliwe sana, ili alama za mikono zibaki. Nguzo na boriti za mvule zionekane, bila rangi. Mbele baraza, na dirisha pana la mbao lisilo na nondo, linaloelekea mawio. Ukuta wa nyuma niliuacha mzima, ila kishubaka cha taa. Mwanga wa asubuhi ungepita dirishani na kuuangukia. Huo ukuta ndio niliokuwa nikiujengea nyumba nzima.

Fundi alikuwa Mkongo wa mashariki, seremala aliyejua na kupiga plasta, nasi tulielewana haraka. Mama mkwe alikuja kila siku lakini hakukaa. Aligusa nguzo, akachungulia ndani, akarudi mlangoni, akazunguka tena. Kiswahili alikijua, ila alikitoa kama anayetema mbegu, kwa sababu alikipata kwa askari waliokuwa wakisimamisha watu njiani. Nami, Mkenya, sikuwa na lugha nyingine ya kusema naye.

Plasta ilipokauka tuliingiza kitanda. Alikaa ukingoni, akautazama ukuta wangu, akasimama.

"Mukamwana," aliniita, kama Waganda wanavyomwita mke wa mtoto wao, "mlango ingine iko wapi?"

"Ni huo tu, Mama."

"Hata panya iko na mlango mbili."

"Dirisha ni pana, Mama. Halina nondo."

"Mimi ni mbuzi? Niruke?"

Fundi alicheka hadi akashika nguzo. "Mama, hii nyumba ni ya kupumzika. Utakimbia nani? Migomba?"

Mama mkwe akamgeukia. "Na wewe, kwenu Kongo ulitoka na mlango gani?"

Kicheko kilikatika. Fundi alikwaruza chokaa kwa ukucha.

"Ya nyuma," alisema.

Kisha akaniangalia mimi. "Plasta itapasuka, dada."

Nilitoka nje nikazunguka migomba, nikarudi, nikatoka tena. Nilitaka kumwambia Mama kwamba vita vimekwisha, kwamba sokoni Nakasero watu wananunua nyanya bila kutazama nyuma. Lakini nilimwona mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, miguu yote miwili imevimba. Nikamwambia fundi akate.

Alikata katikati ya ukuta. Akatengeneza mlango mfupi wa mbao za mvule, unaofunguka kwa nje, na komeo la mti kwa ndani. Kishubaka kikaenda na vumbi lake. Kutoka pembe ya juu ufa ukapanda hadi kwenye boriti, kama alivyosema.

Mama mkwe aliufungua, akainama, akapotea migombani. Tulisikia majani makavu yakivunjika. Akatokea upande wa baraza akihema, akapita ndani, akaujaribu tena.

"Inalia," alimwambia fundi. "Weka mafuta."

Fundi akatia mafuta kwenye bawaba. Mama mkwe akaufungua mara ya tatu, polepole, akisikiliza. Kimya. Ndipo akaenda kitandani, akajinyoosha, uso kuelekea mlango ule.

Nilibaki barazani. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nilipochungulia, jua lilikuwa limeshapanda, na mwanga ulikuwa umeuangukia mlango badala ya ukuta. Mama mkwe alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

Viatu hakuvua.