Jiwe la Ndani ya Ngoma

Enzi zetu pale Mkuyuni, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mgeni hakuhitaji kuelekezwa dukani kwetu. Alifuata harufu ya ngozi ya ng'ombe. Babu alilianzisha aliposhuka kutoka Ukerewe, baba akalirithi, na sisi watoto tukakulia humo kati ya ngoma, mazeze na magitaa yaliyokatika nyuzi. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa maziwa mgando, vidole vikinuka gundi, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Kila ngoma ya baba ilikuwa na siri. Ukiigeuza, kitu kiligota ndani. Kabla ya kuwamba ngozi, baba alitutoa nje sote na kurudishia mlango. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, mdomo hautulii, nikawa namuuliza kila wiki anatia nini. Jibu lilikuwa lile lile: "Ukikua utajua." Nikaona huko kukua kwenyewe kunachelewa.

Ndipo vikaanza kuingia vinanda vya umeme kutoka Dubai. Kwaya ya kanisa moja la Mkolani, wateja wetu tangu wakati wa babu, ikagawanyika: vijana wanataka kinanda, wazee wanataka ngoma. Mwenyekiti wao akaja kumwambia baba, "Fundi, Jumamosi nikiikuta ngoma tayari, naichukua. Nisipoikuta, hawa vijana sitawaweza tena."

Ijumaa ngoma ilikuwa imekauka vizuri. Baba akaenda kutafuta ngozi nyingine, nikabaki na ngoma, na kisu. Nilitaka kutoboa tundu dogo tu, upande wa chini, pasipoonekana. Nilipopitisha vidole, ngozi ikachanika hadi ukingoni. Nikatoa jiwe la ziwani, jeusi, laini, halizidi yai la njiwa. Basi, hakuna kingine. Nilikasirika kabla hata sijaogopa.

Baba aliporudi hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaa kwenye kigoda akiipapasa ile ngozi. Mpya ingetaka siku tatu juani, na sote wawili tulijua.

"Baba, jiwe hili la nini?" nikamuuliza huku nalia.

"Babu yako alikuwa anatia, na mimi natia."

"Kwa nini?"

Aliligeuzageuza kiganjani. Babu alikuwa ameshafariki. "Sijui," akasema. "Kila nikimuuliza alikuwa ananiambia nikikua nitajua."

Jumamosi mwenyekiti alikuta ngozi mbichi, akatupa pole, akaondoka. Kwaya ikanunua kinanda, na makanisa mengine yakafuata. Najua vinanda vingekuja tu, lakini ile ngoma naijutia mpaka leo.

Sasa duka analo kaka yangu, na limejaa vinanda. Kijana wa siku hizi anabonyeza kitufe, ngoma inalia, wala hajui ngozi inanukaje. Hata hajiulizi hiyo sauti imetoka wapi. Sisi tulipigwa kwa kuuliza sana. Hawa nani atawapiga?

Mwezi uliopita binti wa kaka, ndiyo kwanza ana miaka tisa, aliliona lile jiwe kabatini kwangu. "Shangazi, hili jiwe la nini?"

Nilifurahi hata nikakaa chini. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka yote. Nikafungua mdomo nimsimulie habari za babu, za baba, za kile kisu, nikajisikia nasema, "Ukikua utajua."